Sponji Ndani ya Gauni la Mama Rehema

Ninyi vijana wa cherehani mnaojifunza pale Chanji mmeniomba niwaandikie habari za kazi kwa sababu mmesikia nimestaafu. Kustaafu kwa fundi cherehani maana yake ni macho kukataa kuona tundu la sindano. Hakuna sherehe, hakuna mkono wa kwaheri, hakuna saa ya ukutani yenye jina lako. Siku moja nilihangaika na uzi mpaka mteja akaninyang'anya sindano akatia mwenyewe, nami nikafunika mashine. Basi nitaandika, ila msitegemee niende kwa mpangilio. Hata nguo sikuzishona kwa mpangilio. Nilishona kwanza ya yule aliyepiga kelele kuliko wenzake.

Jambo la kwanza ni hilo futi linaloning'inia shingoni mwako. Paroko husikia dhambi za watu, wewe utasikia viuno vyao, na viuno havitubu. Ukimpima mama wa watu, shika kipimo kichwani, funga mdomo, zungumzia hali ya hewa. Hapa Sumbawanga hali ya hewa haiishi mazungumzo. Kuna upepo, kuna baridi, na kuna mtu aliyeanika nguo jana na hazijakauka.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Rajabu, mzee mwembamba aliyekaa kwenye baraza la duka moja katikati ya mji, amevaa koti hata jua likiwaka. Mimi nilikuwa msichana wa kijijini, Mfipa wa ulezi na mahindi, nimetoka kwenye familia ambayo watu wake wote walibatizwa kabla hawajaota meno. Wenzake walimuuliza kwa nini anamfundisha binti wa Kikatoliki. Akawajibu kwamba cherehani haijui kuswali. Sikuwahi kumwona akicheka. Siku niliyojishona kidole, alifungua mguu wa mashine, akanitoa, akanipa kitambaa cha kufungia, akaniambia kazi imeniingia.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni, upana wa vidole viwili kila upande. Alikuwa akisema mtu wa mjini hunenepa tu, harudi nyuma. Mimi nilijiona mjanja, nikaona vidole viwili ni kuharibu kitambaa, nikamkatia bibi harusi mmoja gauni lililomkaa sawasawa kama ganda la muwa. Sikujua kwamba nyumbani kwao wana desturi ya kumfungia bibi harusi ndani kabla ya siku yenyewe, anapakwa liwa, anakatazwa kushika jembe, na analishwa. Walimlisha kwa mapenzi. Alipoinama kukata keki, zipu ilifunguka kutoka juu hadi chini bila mtu kuigusa, na wapiga vigelegele walinyamaza. Fundi Rajabu alikuwepo kama mgeni. Alitoa sindano kwenye ukosi wa koti lake, akamshona yule binti ndani ya gauni akiwa amesimama, akarudi kula pilau. Usiku ule bwana harusi alihitaji mkasi. Sikuuliza zaidi.

Baada ya hapo nikaacha vidole viwili kwa kila mtu, hata kwa watoto wa komunyo.

Sasa sikilizeni jinsi miji inavyonenepa, maana fundi huona mapema. Nilipoanza, watu walipanda kutoka Muze na mizigo kichwani, wanapasua ukingo wa bonde mpaka huku juu uwandani. Ukimpima mtu kama huyo futi linazunguka mara moja na kubaki. Nguo zilichakaa magotini na mabegani. Kisha zikaja bodaboda, ikaja chipsi mayai kila kona, ikaja soda ya kumkaribishia kila mgeni aliyepita hata kuuliza njia, na nguo zikaanza kuchakaa mapajani. Vidole viwili vikawa vitatu, vitatu vikawa vinne. Mwisho ikaja lastiki. Zipu ilikuwa na ukweli. Ulipoongezeka, ilikugomea asubuhi, ukajua. Lastiki ni mnafiki. Inakukubalia tu kila mwaka, na wewe unafikiri hujabadilika kwa sababu sketi bado inapanda.

Nasi wenyewe tulisaidia. Kwetu aliyenenepa tulimwambia ana afya, na aliyepungua tulimuuliza nani amefiwa. Nimesema "afya hiyo, mama" mara nyingi kuliko nilivyosali rozari.

Mtu niliyemwambia hivyo kuliko wote alikuwa Mama Rehema. Alikuwa na duka la mchele hatua chache kutoka kwenye baraza langu. Mumewe, Mzee Abdalah, alikuwa na malori yanayoleta mchele kutoka bonde la Rukwa na kupeleka bidhaa mpaka Matai. Walikuwa watu wema, wa biashara ya miaka mingi, na urafiki wetu ulianza siku aliyonipa kibanzi cha kuchochea pasi ya mkaa. Kila Idi nilimshonea gauni jipya, na katikati ya Idi na Idi nilifumua lile la zamani na kulitanua. Mumewe alipita, akamwona, akatabasamu. Mke mnene barazani alikuwa ndiye bango la biashara yake. Hakuhitaji kuandika ubavuni mwa lori.

Kisha Mama Rehema akaanza kuumwa kichwa kisogoni kila asubuhi. Akawa anatafuna dawa za maumivu kama karanga. Ngazi za baraza langu ni chache sana, lakini alikuwa akifika juu anashika nguzo kwanza, ndipo ananisalimia. Siku moja alinikuta na Nesi Agripina, binti wa Matai aliyefanya kazi kwenye kituo cha afya hapa mjini na aliyekuwa mteja wangu wa magauni meupe. Agripina alimpa shikamoo, akangoja jibu, jibu likachelewa kwa sababu ya kuhema. Akamwambia, "Mama, kesho njoo nikupime presha. Usinywe kahawa kwanza."

Nilimsindikiza. Yule binti alinifurahisha kwa namna alivyofanya kazi. Alitoa mkanda wa kawaida wa kupimia, akauzungusha kwenye mkono wa Mama Rehema, akaona haufiki vizuri, akauweka pembeni na kwenda kutafuta mpana. Alisema mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya, unaonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Akamtaka avue koti, mkono uwe wazi, mgongo uegemee kiti, miguu yote chini, na asiseme neno kwa dakika kadhaa. Kwa Mama Rehema hilo la mwisho lilikuwa tiba ngumu kuliko vidonge vyote vilivyofuata. Alipimwa mikono yote miwili, na akaitwa tena siku nyingine mbalimbali ili wasimhukumu kwa siku moja. Namba zilibaki juu.

Agripina alitueleza pasipo kututisha. Moyo ni pampu, alisema, na mwili unapoongezeka pampu haibadilishwi, ni ile ile. Mwili mkubwa unadai damu nyingi zaidi. Mafuta yanayojaa tumboni yanazisumbua figo, figo zinashikilia chumvi na maji, mishipa inakaza, na pampu inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila siku. Mwenyewe husikii kitu. Unauza mchele, unacheka, na huko ndani mishipa inachoka, mpaka siku kiharusi kinapobisha hodi au moyo unapokataa. Akasema pia kwamba kupungua hata kidogo kunashusha presha, na kwamba atampa dawa lakini dawa peke yake ni kama kukinga maji ya paa kwa ndoo bila kuziba tundu.

Mimi ni mwembamba tangu kuzaliwa, nikatabasamu pembeni. Agripina akaniona, akanivuta nikae kwenye kiti kile kile. Yangu ilikuwa salama, ila alinikumbusha kwamba wembamba nao wanapata, kwa umri, kwa chumvi, kwa kurithi, na hapo jirani yangu mmoja mwalimu, mtu wa mifupa mitupu, alikuwa kwenye dawa za presha miaka mingi. Nikaacha kutabasamu.

Sijapata kuona mtu akitii kama Mama Rehema. Aliacha soda, ambayo aliipenda kuliko baadhi ya ndugu. Chumvi ya mezani aliitoa mezani. Wali wa usiku akaupunguza ukawa wa kijiko, akaongeza mboga na maharage, na kila asubuhi akatembea kutoka nyumbani Chanji mpaka dukani kwa miguu, bodaboda wakimfuata nyuma wakidhani kuna kosa. Dawa zake alimeza kila siku. Miezi ikapita. Nikaanza kupunguza magauni yake ubavuni, kazi ambayo sikuizoea na iliyonipa shida, kwa sababu mkono wangu ulijua kutanua tu. Presha ilikuwa inashuka. Maumivu ya kisogoni yaliondoka. Alipanda ngazi zangu akiwa anasema, na hakumaliza kusema mpaka jioni.

Hapo ndipo watu walipoanza kumhurumia.

Mwanzoni walimuuliza kama anaumwa. Baadaye hawakumuuliza yeye, waliniuliza mimi. Wengine walisema ni ule ugonjwa. Wengine walisema mzee ameoa mke mdogo Matai ndiyo maana lori haliishi kwenda huko. Waliokuwa na akili zaidi walisema malori yameuzwa na watu hawali nyumba ile. Wifi yake, Bi Mwajuma, dada wa Mzee Abdalah anayeishi Muze, alipiga simu kila Ijumaa kuuliza kaka yake amemfanya nini mke wa watu. Madereva wakaanza kuulizwa maswali njiani.

Mzee Abdalah si mtu mbaya. Alikuwa amekulia mahali ambapo mwanamume hupimwa kwa mkewe. Alimwambia mkewe kwa upole, mbele yangu, kwamba anaelewa habari za daktari, lakini watu wanamsema, na je, hawezi kurudi kidogo tu? Kila jioni akawa analeta nyama ya kuchoma imefungwa kwenye karatasi. Akawa anakaa pale mpaka iliwe. Mama Rehema alikula mara ya kwanza, akala mara ya pili, na kisogo kikaanza kuuma tena. Akaja barazani kwangu asubuhi kabla wateja hawajafika, akakaa, akakaa sana.

"Mama Festo," akaniambia, "nirudishe nilivyokuwa. Kwa nguo tu. Mwili uniachie."

Nilimwelewa. Kama mume na mji wanataka unene, wapewe unene, na moyo wake usihusishwe.

Sasa hapa kuna ufundi, na msiposhika mengine shikeni huu, maana ipo siku mtahitaji kujaza bega la mtu aliyevunjika au titi la mama aliyefanyiwa upasuaji. Usitumie pamba, inakusanyika chini baada ya kufuliwa na mtu anaonekana ana mapaja magotini. Tumia sponji ya godoro. Usiikate wima pembeni, itaonekana ukingo kama sabuni chini ya shuka. Ichonge kwa mkasi polepole, nene katikati, ikifika pembeni iwe nyembamba kama ukoko wa mkate. Ivishe bitana laini kwa sababu sponji ikigusana na kitenge inalia mtu anapotembea. Na usiishone kwenye gauni, ishone kwenye shimizi ya ndani, gauni lifuliwe peke yake. Nilimshonea shimizi yenye nyonga, yenye tumbo la wastani na nyuma iliyojaa kidogo. Nikamwambia ajaribu kukaa. Akakaa, akanyanyuka, sponji ikanyanyuka naye. Ilikuwa kazi nzuri, na mpaka leo sijaona nzuri zaidi.

Lakini hakuridhika. Alisema watu wa hapa hawaangalii kiuno, wanaangalia mikono, kwa sababu ndiyo inayopima mchele. Hapo nilibisha kidogo, kwa sababu mkono ukijazwa haukunjiki. Akasema baridi imeingia, nani atashangaa mikono mirefu. Kweli ilikuwa ile miezi ambayo Sumbawanga hata mbwa wanatamani sweta. Nikazijaza sehemu za juu za mikono ya gauni, nikazibana kwenye kiwiko ili sponji isiteremke.

Maneno yakaisha mjini ndani ya wiki. Wateja walimpongeza kwa kurudi. Mama mmoja alimwambia uso peke yake ndio bado, nao utafuata. Mzee Abdalah akaacha kuleta nyama, akaanza tena kutabasamu akipita. Nyumbani Mama Rehema alijifunika kanga na kuzima taa mapema, akimwambia mumewe baridi imemzidi. Mzee alikuwa mtu wa kulala baada ya isha, na hilo lilisaidia.

Siku yake ya kliniki ilipofika, alipaswa kupita katikati ya mji, kwa hiyo alikwenda amevaa sponji yote. Agripina alikuwa masomoni. Foleni ilikuwa ndefu, na aliyekuwa akipima alijaribu kukunja mkono wa gauni, haukukunjika. Mama Rehema, kwa aibu ya kuvua mbele ya watu wanaomjua, akamwambia apime hapo hapo juu ya nguo. Akapimwa juu ya nguo. Namba ikatoka kubwa. Daktari akaiona ile namba, akaona na mama mwenyewe jinsi alivyojaa, akasema dawa haitoshi, akamwongezea. Mama Rehema alirudi barazani kwangu akiwa amevunjika moyo. Alisema amejinyima yote hayo na presha imepanda tu, basi Mungu ameamua. Nilimpa chai isiyo na sukari.

Alizimeza zile dawa kama alivyoambiwa. Siku chache baadaye, kabla ya adhuhuri, alikuwa amekaa kwenye stuli dukani, mteja akaomba mchele, akanyanyuka, na akaenda chini katikati ya magunia. Nilisikia mteja akiita jina la Mungu. Nikafika nikamkuta macho yamefunguka lakini hayaangalii mtu. Mzee Abdalah alikuwa nje anasimamia upakuaji. Akaingia, akapanga miguu, akajikaza kiuno, akabana pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. Alijiandaa kumnyanyua mke wa zamani, akamnyanyua wa sasa, nusura ampige darini.

Akabaki amemshika hewani. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mchele.

Tulimpeleka kwa pikapu ya jirani. Niliogopa njia nzima, nawaambieni kweli. Nilishika mkoba wake kifuani na kusali sala zote ninazozijua, kwa Kifipa, kwa sababu nikiogopa Kiswahili kinanitoka. Kituoni Agripina alikuwa amerudi kazini wiki ile ile. Alijaribu kukunja mkono wa gauni, ukagoma. Hakujaribu tena. Alichukua mkasi, akakata kutoka kiwikoni mpaka begani, na sponji ikachomoza yenyewe ikajikunjua, maana sponji nzuri haikubali kubanwa muda mrefu.

Agripina akasimama na mkasi mkononi. Mzee Abdalah akaja karibu.

"Hii nini?"

"Sponji, shemeji," nikamjibu.

"Ya godoro?"

"Ya godoro."

Agripina akafunga mkanda kwenye mkono mtupu, na safari hii hakuhitaji ule mpana. Presha ilikuwa chini, chini sana. Akaomba kuona dawa, nikazitoa mkobani, akazitazama, akamuuliza mgonjwa alipimwaje mara ya mwisho. Mama Rehema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema juu ya gauni. Yule binti alifumba macho kidogo. Akamwita daktari, wakazungumza pembeni, wakamwekea dripu, wakamlaza miguu juu. Kisha Agripina akamgeukia Mzee Abdalah.

"Mzee, mama alikuwa anapona vizuri tu. Dawa tuliyoongeza, tulikuwa tunatibu godoro."

Akauliza nani alishona. Nikasema mimi. Akaigeuza ile shimizi, akautazama mshono wa ndani, akaitia chini ya kitanda.

Tulikaa nje kwenye benchi mimi na Mzee Abdalah, upepo unapiga. Alikuwa amelishika lile pande la sponji la mkononi, analiminya, linarudi, analiminya. Aliniuliza ni tangu lini. Nikamwambia tangu zile nyama za kuchoma. Akaacha kuliminya. Baadaye Agripina alitoka akamwambia kwamba kwa vile yupo na hana shughuli, naye apimwe. Alikataa, akasema yeye ni mzima, anakula vizuri. Binti akasema ndiyo maana. Kumbe namba yake ilikuwa kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo mkewe. Aliingia kituoni kama msindikizaji, akatoka na kadi yake mwenyewe na vidonge mfukoni.

Mama Rehema aliruhusiwa, dawa zikarudishwa kwenye kiwango cha zamani. Nami nilidhani habari imekwisha, lakini habari ilikuwa bado kabisa, kwa sababu mji ulikuwa umesikia ameanguka. Watu walikuja kumpa pole kwa makundi. Na Bi Mwajuma alipanda kutoka Muze na nusu gunia la mchele mpya na kuku watatu waliofungwa miguu. Nilikuwepo. Sebule imejaa akina mama, Mama Rehema ameketi mkekani na kanga moja, hana sponji, mikono yake myembamba iko wazi mbele ya wote. Walikuwa wanaiangalia. Naye alikuwa anaangalia mlango, mahali aliposimama mumewe. Nilijua anachongoja. Mzee angesema neno moja la kumtaka anenepe, mbele ya watu wale, mkewe angeanza kula kesho yake, na safari hii sponji haipo.

Bi Mwajuma hakuzunguka. Alisema kaka, mkeo amebaki mifupa, watu wanauliza huko bondeni, wewe utawaambia nini?

Mzee Abdalah alivua kofia, akaishika.

"Nitawaambia nilimlisha mpaka nusura nimzike," akasema. "Mchele huo dada uende jikoni, tunashukuru. Lakini sahani yake mke wangu atapakua mwenyewe."

Bi Mwajuma akamtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akainuka kwenda kuwafungua kuku miguu. Mama Rehema alijifuta uso kwa pindo la kanga. Mimi nililia wazi wazi, na mama aliyekaa karibu nami akanipa pole, akidhani mgonjwa ni ndugu yangu. Sikumkatalia.

Mtaniuliza fundi anahusika vipi na haya yote. Anahusika kidogo, kwenye mshono. Mteja akikuletea gauni lile lile ulitanue kwa mara ya pili, litanue, ni haki yake, lakini mnong'oneze akapime presha, mkono wazi, bila koti. Usimtangaze, usimcheke, na usimwambie ana afya kwa sababu tu amejaa. Akija kupunguza, usimuulize nani amekufa. Mpunguzie vizuri, umsifu, kwa kuwa amefanya kazi ngumu kuliko yako. Na yule anayesema yeye hahitaji dawa tena kwa vile suruali imelegea, mrudishe kwa nesi wake, hiyo si kazi ya futi. Mama Rehema mpaka leo anameza kidonge, kimoja pale palipokuwa na viwili, na kliniki haendi na nguo ninayoweza kuionea fahari. Anakwenda na blauzi ya mikono mifupi, katikati ya baridi, anatetemeka.

Juzi asubuhi niliwaona wakipanda mwinuko wa huku kwetu. Mama Rehema alikuwa mbele, kanga mabegani, anasema peke yake kwa sababu hakuna wa kumjibu. Mzee Abdalah alikuwa nyuma sana, koti amelifungua vifungo, anahema. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo, akampa shikamoo, akamuuliza kama ampakie. Mzee akatikisa kichwa tu, pumzi ya kujibu hana. Mkewe alifika juu, akageuka, akasimama kwenye upepo ule akimsubiri.